Hesabu Ndoo Kabla ya Kununua Mbegu: Mwongozo Kamili wa Bustani ya Uani Tanga

Kabichi zangu za kwanza nilizipanda uani, Makorora, mwezi wa Januari. Nilikuwa nimeziona sokoni zikishushwa kutoka Lushoto, nzito, zimefunga vizuri, nikajiambia Lushoto na Tanga mjini ni mkoa mmoja, basi kinachoota kule na huku kitaota. Nikanunua mbegu, nikasia, nikahamisha miche arobaini. Kila jioni nilimwaga ndoo sita. Kufika Februari bomba lilikuwa linatoa maji siku mbili kwa wiki, majani yamekakamaa kama ngozi, na hakuna kabichi hata moja iliyofunga.

Bibi jirani alichungulia juu ya wigo wa makuti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akazitazama kabichi kwa muda. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, Februari unapata ndoo ngapi za kumwaga, mbali na za kupikia na kuogea?" Sikuwa na jibu. "Basi kalitafute hilo jibu kwanza, ndiyo uende dukani kwa mbegu."

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali lake. Lushoto mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa shuka mbili. Sisi tuko ufukweni, ambako usiku wa Januari joto halishuki sana chini ya nyuzi 24. Mkoa ni mmoja, ila mmea hausomi mipaka ya mkoa.

Kwanza, ijue miezi yako

Tanga si jangwa. Kwa mwaka tunapata mvua zaidi ya milimita 1,000, na mwaka mzuri inapita hapo kwa mbali. Shida yetu ni jinsi inavyokuja: masika inamwaga kuanzia Machi hadi Mei, vuli inakuja Oktoba hadi Desemba tena kwa kubabaisha, na katikati yake mchanga unakauka upesi kuliko mtu anavyodhani. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuogopa. Upepo wa kaskazi unavuma, jua la mchana linafika nyuzi 32 au 33, na mvua hakuna. Juni hadi Septemba nako mvua ni chache, isipokuwa mchoo wa hapa na pale, lakini kuna kipupwe na upepo wa kusi, kwa hiyo mmea haupati adhabu ile.

Kwa mtu wa bustani maana yake ni hii. Miti ya kudumu pandeni masika, mvua ikishatulia. Ukipanda mti Novemba, utaingia kaskazi ukiwa na mizizi ya miezi miwili tu, na hapo ndipo miche mingi inapofia. Vuli ni ya mazao ya haraka au yaliyozoea joto: kunde, bamia, mbaazi, matembele. Kipupwe ndiyo nafasi yako ya vitu vya ubaridi kidogo, kama nyanya, pilipili hoho, giligilani na saladi. Januari na Februari usianzishe kitu kipya. Ni miezi ya kulinda ulichonacho.

Pili, hesabu ndoo

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika maji yote yanayobaki au yanayotoka nyumbani: maji ya kusuuza nguo, maji ya kuoshea mchele na mboga, maji ya kuogea kama bafu lako liko mbali na choo, na ndoo za bomba au kisima unazoweza kutenga bila kumnyima mtu. Kama si Februari unapohesabu, jiulize kwa ukweli hesabu hiyo itakuwaje Februari.

Sasa kipimo. Katika jua kali mboga za majani zinahitaji kama lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa hiyo tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 linakunywa ndoo moja ya lita 20 kila siku, ukihesabu na kinachopotea. Mti mchanga wa matunda uliowekewa matandazo unaridhika na ndoo moja mara mbili kwa wiki. Ukiwa na ndoo nne za uhakika kwa siku, una matuta matatu, na ile ndoo ya nne unaizungusha kwenye miti mitatu. Ukiwa na ndoo moja, una tuta moja, na hilo moja likitunzwa linakula vizuri kuliko matano yanayokufa kiu pamoja.

Usisahau bati lako. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya masika, linatoa lita 480, na hata ukipoteza sehemu kwenye mifereji bado unabaki na kama 400. Mapipa mawili yamejaa kwa mvua ya nusu saa. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza, ndipo ukinge. Na funika mapipa kwa chandarua au kifuniko kinachobana sawasawa. Maji yaliyo wazi uani yanazalisha mbu wa malaria na wa dengue, na hakuna mchicha unaostahili homa ya mtoto.

Maji ya sabuni yanafaa, ila kwa mpangilio. Ya kusuuza ni mazuri kuliko ya kwanza yenye povu. Usiyamwage kwenye mboga zinazoliwa mbichi, usiyamwage sehemu moja kila siku, na yale yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie kabisa. Mimi yangu yote yanakwenda kwenye shimo la migomba, nitalieleza mbele.

Tatu, onja maji ya kisima

Walio karibu na bahari, kuanzia Raskazone na Sahare hadi Mwambani, wanajua visima vyao vina chumvi. Onja. Ukihisi chumvi ulimini, na mmea utaihisi. Dalili shambani ni kingo za majani kuungua rangi ya kahawia huku katikati kukiwa kijani, na ukoko mweupe juu ya udongo uliokauka.

Maji ya namna hiyo hayakukatazi bustani, yanakupunguzia orodha. Mnazi, mtende na mkomamanga vinayavumilia. Kunde na mlonge vinajikaza kiasi. Maharage, karoti, mwembe na jamii ya ndimu na machungwa haviyataki, na parachichi ndiyo kabisa. Ukilazimika kuyatumia, mwagilia kwa wingi mara chache, usinyunyize kidogo kidogo kila siku, kwa sababu maji machache yanakauka juu na kuacha chumvi pale pale penye mizizi. Yaelekeze shinani, yasiguse majani. Kisha masika ikija, acha mvua ioshe udongo kabla hujapanda tena.

Nne, udongo

Karibu na ufukwe una mchanga juu ya mawe ya matumbawe. Ukielekea Muheza udongo unazidi kuwa mwekundu na kushikana. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: chimba shimo la kina cha dhiraa, lijaze maji, yaache yanywewe, ulijaze tena, kisha tazama. Yakipotea kabla hujamaliza kikombe cha chai, una mchanga unaohitaji kitu cha kushika maji. Yakikaa hadi jioni, una mahali pa kutuama, na papai na mlonge vitaoza mizizi hapo.

Kwenye mawe ya matumbawe udongo ni wa chokaa. Ukiona majani mapya ya mndimu yamekuwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, ujue mti unakosa madini ya chuma, ambayo chokaa imeyafunga. Samadi na mboji kwa wingi ndiyo tiba ya kudumu. Usiongeze majivu hapo, utazidisha tatizo.

Sasa nieleze tuta ninalolitumia, maana hapa ndipo nilipoona tofauti kubwa kuliko pengine popote. Vitabu vingi vinafundisha tuta la kuinuliwa. Hilo ni la mahali penye matope. Kwenye mchanga na kaskazi, tuta la kuinuliwa linakaushwa na upepo pande zote. Mimi naliweka chini, kama sinia.

Chimba upana wa mita moja, urefu unaoutaka, kina cha dhiraa moja. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo, uweke kando peke yake. Chini kabisa panga makumbi ya nazi, yamelaliana, upande wenye bonde ukitazama juu. Kila kumbi ni kikombe. Makumbi makavu yanaelea na kusukuma udongo, kwa hiyo yaloweke kwanza siku mbili tatu kwenye pipa, na maji hayo uyamwage mbali kwa sababu yana chumvi chumvi. Juu ya makumbi weka majani makavu, kisha udongo wa chini, kisha udongo ule mweusi ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza ya ng'ombe au mbuzi, debe moja kwa kila mita ya mraba. Samadi ya kuku ni kali: tumia nusu debe, na iwe imelazwa kwenye rundo lenye unyevu angalau mwezi mzima. Ukimaliza, uso wa tuta ubaki chini ya uani kwa upana wa kiganja, na ukingo wa udongo uuzunguke. Maji ukimwaga hayana pa kukimbilia.

Nilipofukua tuta langu la kwanza la namna hii mwishoni mwa Februari, juu palikuwa vumbi tupu. Nilipofika kwenye makumbi nikaingiza vidole ndani ya nyuzi zake: baridi, na maji yakachuruzika kwenye kiganja. Mizizi ya bamia ilikuwa imeshuka hadi huko, imejisokota ndani ya makumbi kama uzi kwenye kitambaa.

Masika tuta hilo laweza kujaa. Acha mlango mdogo upande mmoja wa ukingo, uufungue mvua kubwa zikija.

Tano, chagua mimea

Hapa ndipo watu wanapotekwa na picha za kwenye pakiti za mbegu. Tazama kwanza kinachoota chenyewe pembeni mwa barabara bila mtu kukimwagilia. Mkonge, uliofanya Tanga ijulikane duniani, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika vichipukizi elfu moja vilivyosafirishwa kutoka Florida, vilivyofika hai ni 62 tu, vikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutoka hivyo 62 yakaja mashamba tunayoyaona hadi leo, kwa sababu mmea uliikuta hali ya hewa unayoipenda. Tafuta mimea ya namna hiyo kwa ajili ya sufuria yako.

*Mboga za majani.* Mchicha unavunwa siku 21 hadi 28 tangu kusia, na unapenda joto, ila unataka maji kila siku. Kwa hiyo uwe na tuta moja tu la mchicha, karibu na jiko. Matembele ni imara zaidi: kata marando ya urefu wa shibiri moja na nusu, zika theluthi mbili yakilala, na baada ya mwezi unachuma mfululizo. Yakishafunika ardhi yanajitandazia yenyewe. Mgagani ni mmea wa jua hasa, Februari unasimama wakati mchicha unalegea, na uchungu wake unakwisha ukichemshwa na kupikwa kwa maziwa au nazi. Kunde zinakupa majani kuanzia wiki ya tatu, halafu punje, na mizizi yake inaacha rutuba ardhini.

Lakini ukiniuliza mboga moja ya kupanda leo na kuila miaka kumi, nakwambia kisamvu cha mpira. Huu si muhogo wa kuchimba. Ni mti, wenye majani mapana na utomvu mwingi. Jina lake linatokana na kwamba uliletwa zamani za Wajerumani kwa ajili ya kutengeneza mpira, na mashamba yake yalikuwapo mkoa huu. Biashara ile ilikufa, kisamvu kikabaki. Pandikiza tawi la unene wa kidole gumba masika, likishika hutalimwagilia tena maisha yake yote. Likatie usawa wa kifua kila mwaka ili majani yasikimbilie juu. Lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani mabichi yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na moto.

Mlonge nao usiukose. Unaota kwa mbegu, ukifika usawa wa kiuno ukate ncha ili utoe matawi, na uchume majani machanga kama mboga. Unavumilia kiangazi kuliko karibu kila kitu ninachokilima, ila ukituamisha maji shinani unaoza.

*Za matunda na punje.* Bamia ndiyo malkia wa kaskazi. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili mbili kila shimo, na baada ya siku kama 50 hadi 60 anza kuchuma kila baada ya siku moja. Ukisubiri zaidi inakuwa kamba. Mbaazi panda kwenye mpaka wa uani upande wa magharibi, inakuwa kichaka kirefu kinachokinga mboga na jua la alasiri, na unapata mbaazi za nazi za kunywea chai. Biringanya, ngogwe na pilipili mbuzi vinakwenda vizuri na vinadumu zaidi ya msimu mmoja ukivikatia. Kwenye wigo pandisha dodoki, mung'unye au karakara.

Nyanya naziweka peke yake, kwa sababu watu wengi wanalaumu mbegu. Usiku ukiwa wa joto, ua la nyanya linapukutika kabla ya kushika tunda. Hakuna mbolea inayoponya hilo. Sia Aprili kwenye kitalu kilichoezekwa, hamisha Mei, ili maua yaje Juni na Julai kwenye kipupwe. Nje ya hapo nunua sokoni, na maji yako yape bamia.

*Miti ya matunda.* Papai linakupa tunda ndani ya mwaka mmoja au chini kidogo. Panda miche mitatu kila shimo, kwa sababu huwezi kujua dume na jike kabla ya maua. Dume lina maua mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Bakiza dume moja tu uani, mengine kata. Mkomamanga unafaa sana uani mdogo na wenye chumvi, ila maji yake yawe ya mpangilio: ukiuacha na kiu kisha ukaumwagia kwa pupa, matunda yanapasuka. Mtopetope unavumilia ukavu. Mstafeli unataka unyevu zaidi, uweke karibu na maji ya bafuni.

Mndimu nunua uliobebeshwa, yaani tawi la mti mmoja limeunganishwa juu ya shina la mwingine, utazaa ndani ya miaka miwili hadi mitatu. Na hapa fungua macho. Niliwahi kuuziwa miche minne kwa bei ya iliyobebeshwa, nikaitunza miaka mitatu, kumbe yote ilikuwa ya mbegu. Shika shina la mche kabla hujalipa. Kama shibiri moja juu ya udongo lazima uone kovu au kipinda, na mara nyingi gome la juu lina rangi tofauti kidogo na la chini. Shina likiwa limenyooka laini toka chini hadi juu, huo ni wa mbegu. Unapoupanda, kovu hilo libaki juu ya ardhi, lisizikwe, na matandazo yasiliguse.

Mwembe na mwarobaini ni miti mizuri ya kivuli, lakini iweke mbali na ukuta, shimo la choo na tangi la maji. Mnazi usiupande pale ambapo nazi itaangukia bati au mtoto.

*Za harufu na uzuri.* Uani wa Kiswahili bila asumini na mrehani, kikuba utafunga kwa kitu gani? Asumini ikishika mizizi inahitaji ndoo moja kwa wiki tu, na jioni za kaskazi ndipo inapofungua maua kwa wingi. Mhina unapenda jua na ukavu, na unafaa kuwa wigo. Mshubiri, bogenvilia na mchaichai vyote ni vya mtu mwenye ndoo chache.

Sita, kitalu na kuhamisha

Kitalu kiezeke kwa makuti, kimo cha kifua, yasibane sana: ukitazama chini uone vipande vidogo vya jua vikichezacheza. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, punguza kuti moja kila siku mbili, miche izoee. Hamisha jioni baada ya alasiri, udongo wa tuta ukiwa umelowana tangu asubuhi, na kila mche uwekee tawi la kivuli upande wa magharibi kwa siku tano.

Kisha tandaza. Majani makavu, maganda ya karanga, nyasi zisizo na mbegu, makuti yaliyochakaa, unene wa vidole vinne. Tuta lenye matandazo na tuta tupu ni vitu viwili tofauti kabisa ifikapo adhuhuri: weka kiganja juu ya mchanga mtupu hutakiacha, halafu kiingize chini ya nyasi. Mchwa wakija, acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina, kwa sababu wanapenda kikavu na mara nyingi wataishia kwenye matandazo.

Saba, kumwagilia

Mwagilia baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijatoka. Ukikosa, jioni. Kabla ya kumwaga, ingiza kidole chote kwenye udongo. Kukiwa na unyevu kwenye ncha, leo acha.

Kitu kilichoniokolea maji mengi zaidi ni mtungi. Nunua mtungi wa udongo wa lita 8 hadi 10, usio na rangi wala kung'arishwa. Ujaribu: ujaze maji, uuache kivulini saa moja, kisha upapase nje. Unaofaa unatoa jasho. Uzike katikati ya tuta hadi shingoni, ujaze, ufunike kwa kigae au kifuu. Panda biringanya, pilipili au ngogwe kuuzunguka, umbali wa shibiri. Udongo ukikauka unavuta maji kutoka mtungini, ukilowana unaacha. Unajaza kila baada ya siku mbili tatu, na hakuna tone linalochukuliwa na jua. Kwa maji ya chumvi uangalie, vitundu vinaweza kuziba.

Shimo la migomba nililoahidi: chimba duara la kipenyo cha mita 2, kina cha mita moja, udongo uurundike ukingoni. Jaza shimo majani, makumbi, maganda ya jikoni. Panda migomba mitatu au minne na papai moja juu ya ukingo. Mfereji wa maji ya bafu na ya kufulia uingie katikati, chini ya majani, yasionekane juu. Kila mwezi ongeza takataka za bustani. Kama bafu na choo ni kitu kimoja, usifanye hivi.

Nane, maadui

Wa kwanza ni mbuzi na kuku wa mtaa, na dawa yao ni wigo kabla ya mbegu. Inzi weupe na vidukari: twanga kilo moja ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya kipande, nyunyiza jioni chini ya majani kila wiki. Osha mboga vizuri kabla ya kupika. Konokono wakubwa wa masika waokote kwa tochi usiku.

Ukipanda muhogo, chunguza pingili unazopewa. Majani yenye mabaka na kujikunja ni batobato, na mizizi yenye madoa makavu ndani ni michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa mkoani, kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936. Usichukue pingili kutoka shamba lenye dalili hizo, hata kama ni za bure kutoka kwa shangazi.

Bamia au nyanya ikidumaa bila sababu, ing'oe utazame mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo, wanaopenda mchanga wetu. Ongeza samadi, na msimu ujao usirudishe jamii ya nyanya wala bamia kwenye tuta hilo.

Tisa, Januari inapofika

Mwisho wa Desemba pita uani na daftari lako la ndoo. Andika kila mmea na unachokunywa, kisha linganisha na maji utakayokuwa nayo. Kama hayatoshi, amua mapema nani aachwe, usingoje jua liamue. Mchicha vuna wote, tuta lake funika matandazo lipumzike. Matembele kata marando machache uyaweke kivulini karibu na pipa kuwa mbegu ya masika, mengine yaache. Bamia bakiza miti mitano yenye afya, na kwenye kila mmoja acha matunda mawili yakauke hadi yalie ukiyatikisa, hiyo ni mbegu ya mwaka ujao. Mbaazi, mlonge, kisamvu cha mpira na mhina usivihesabu, vitajitafutia. Ndoo inayobaki, hata kama ni moja tu, ni ya mndimu uliopandwa masika iliyopita: nusu Jumatatu, nusu Alhamisi, polepole, chini ya matandazo, hadi wingu la Machi.